Doa Lisilohama

Karakana ya Mjomba,
Nyuma ya kituo cha mafuta,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu tele, hata bahasha imevimba. Hujambo huko uliko? Kifua kimepona? Baridi isikuchezee, wewe ni damu yangu, na mimi homa ikiniona hubadili njia. Sisi ni wazima, isipokuwa jambo moja. Mwandiko ukikushangaza, tulia, nitalifikia.

Kwanza ujue mjomba wako sasa ana rafiki mwanasayansi. Usicheke. Mama huyo alileta mguu wa darubini uliovunjika nimchomelee, akanikuta nalitazama jua kupitia kioo changu cha kuchomelea, kama nilivyofanya kila mchana tangu ujana. Jua na mimi ni watani.

"Fundi, unatafuta nini huko juu?"

"Nalikagua. Nani mwingine atalikagua?"

Alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo ya rangi. Kumbe kazi yake ndiyo hiyo hiyo, ila yeye analipwa. Mtaani wanamwita Daktari wa Jua. Kuna aliyemletea mtoto mwenye homa.

Tangu hapo huja kila alasiri. Alinieleza madoa ya jua, yanavyohama siku hadi siku kwa sababu jua lenyewe linazunguka. Alinifundisha pia kuiona nyota iliyofifia: usiikazie macho, tazama kando yake, itajitokeza yenyewe. Haikupita wiki, nikawa namkosoa.

Halafu nikagundua doa langu. Jeusi, kubwa, katikati kabisa. Mengine yakihama, lenyewe limekaa kama mpangaji mkorofi. Nikalipa jina langu, nikatangaza mpaka kwa kinyozi.

Daktari akatazama kwa mitambo yake, hakuliona. Nikamwambia afute miwani. Safari hii hakucheka.

"Fundi, tazama ukuta. Bado lipo?"

Lilikuwepo, mpwa wangu. Lilikuwa ukutani. Nikamgeukia, likamkaa usoni. Nikifumba macho linaningoja humo ndani.

Ni macho yote mawili, na hospitali wamesema kilichoungua hakirudi. Kioo changu kiliweza cheche, jua hakikuliweza. Kuchomelea nimeacha. Naona milango, naona viatu vya watu, lakini kila ninayemtazama hana uso. Mkazamjomba wako huketi mbele yangu tukila, na sijui kama analia. Hata picha yako ukutani, kuanzia shingoni ni giza.

Kalamu hii anaishika Daktari. Makosa ya herufi ni yake. Bado huja, hukaa kwenye ndoo ile ile, akanisimulia jua la leo. Namsahihisha, asije akajisahau.

Mama yako anakusalimu, na kinyozi pia. Wasalimie mumeo na wanao. Mola akutangulie kila uendapo.

Nasikia utakuja Desemba. Ukifika mlangoni, usisimame mbele yangu. Simama kando kidogo, utulie, usiseme kitu. Nitakuona.

Ni mimi akupendaye, mtani wa jua,
Mjomba wako