Gari la Kumpeleka Baba Izigo

Benigna,

Ebitoke, ndizi nilizopika, viko jikoni, vifunike. Tunaondoka na baba yako. Hospitali wamesema basi, naye anataka kulala kwake Izigo. Lori la chama cha ushirika linasomba kahawa, kwa hiyo jirani Dhirubhai anatupeleka kwa kigari chake kifupi chenye mlango wa nyuma.

Kaka yako Datius aling'ang'ania lile gari la Girish wa dukani, la milango miwili, eti refu na lina mbio. Urefu wote uko puani! Kiti cha nyuma hata mbuzi angekunja shingo. Hiki kifupi, ukilaza viti, ni kitanda.

Asubuhi Datius alikipima ndani kwa kamba ya mgomba. Halafu, bila kufikiri, akamnyooshea baba yako kamba ileile, kichwa mpaka miguu. Mtu hai! Nikampiga kofi. ~~Mwambie asinifuate Izigo.~~ Mpe chai, analia nyuma ya nyumba. Kesho mje wote.

Baba yako hakuwa amelala. Alisema polepole, "Mwache mtoto. Ila aongeze shubiri moja, jeneza humzidi mtu."

Kamba ameikunja mwenyewe. Anasafiri nayo.

Mama yako