Ulipopiga Goti Kizimbani

Mama,

Jana niliitwa Tunduma, kwenye kikao cha wanaoandika mwongozo wa adhabu kwa kesi za dawa za kulevya. Walikuwepo mahakimu, mawakili, watu wa magereza, na ndugu wawili wa wafungwa. Mmoja ni mimi. Mtu wa kanisani ndiye aliyewatajia jina lako, wakanitafuta.

Kumbe ndivyo mwongozo unavyotengenezwa. Wanasoma hukumu za zamani, wanaangalia uzito wa mzigo, halafu wanauliza mshtakiwa alikuwa nani: mwenye mali, au mbebaji tu. Hapo ndipo miaka inapoanzia. Yanafuata mambo ya kuongeza adhabu na ya kuipunguza. Nikawaza lile gunia la karanga ulilopewa ulifikishe Nanyala, bangi ikiwa katikati, na yule mama aliyekupa akazima simu mpaka leo.

Hakimu mmoja pale kikaoni akasema mshtakiwa asipojitetea, mahakama itapunguza kwa lipi. Siku ile ya hukumu yako, mama, hakimu alikuuliza kama una la kusema kabla ya adhabu. Ukapiga goti, ukainamisha macho kama tunavyofanya mbele ya wakubwa kwetu Ibaba, ukasema, "Hapana, baba." Ilikuwa heshima. Wao wakaandika huna la kusema. Nami nilikuwa kwenye benchi, najua yote ya kukutetea, nikanyamaza. Hilo linanitafuna tangu tulipokuchukua gerezani umefunikwa shuka.

Basi mwenyekiti akanigeukia, akauliza kama nina la kuongeza. Nikasimama, magoti yakaanza kukunjika yenyewe. Nikajisikia nikisema, "Hapana, baba." Sauti yako kabisa. Akageukia mwingine.

Nikasimama tena. Nikasema ninalo. Nikawaomba waandike kwamba hakimu asiishie kuuliza "una la kusema". Amuulize mshtakiwa nani alimtuma, alijua nini, nyumbani kaacha nani. Nililia mbele ya wakubwa wale wote, machozi na kamasi. Karani aliandika. Rasimu bado itapita mikono mingi, na mstari huo wanaweza kuufuta.

Wewe, mstari huo haukusaidii tena. Najua, na inauma.

Lala, mama yangu. Wakiniita tena nitakwenda, na sitasema hapana. Na wakiniuliza habari zako, nitawajibu ulichopaswa kuulizwa: hukujua kilichokuwemo, mgongo ulikuwa unakuuma, na nyumbani ulikuwa umeniacha mimi.

Mwanao,
Tumaini