Mstari Mwekundu Chini ya "Mwanangu"

Mama,

Leo ni Jumapili, tumetoka kanisani, na mimi nimekaa kwenye meza yako hapa nyumbani, mtaani Lucky Summer. Nataka kukuambia kwamba lile neno nimelirekebisha.

Nilichelewa. Najua.

Ulipostaafu, baada ya kufundisha Kiswahili kule Kariobangi miaka yote ile, ulichoka haraka kukaa bure. Mimi nilikuwa nimeanza kutengeneza kikaguzi changu, kile kijiprogramu kinachoingia ndani ya programu tunayoandikia kazi zetu za kompyuta, kikasoma Kiswahili chetu na kupiga mstari mwekundu chini ya kosa. Nilikupa orodha ya maneno uipitie. Ulikiita inspekta. Nikipiga simu, hata kabla ya salamu, ungeuliza, "Inspekta wako ameamkaje?"

Siku moja uliketi kando yangu ukakijaribu mwenyewe. Ukachapa kwa kidole kimoja: Mwanangu, umekula? Mstari mwekundu ukatokea chini ya neno la kwanza. Ukanitazama juu ya miwani.

"Nekesa, inspekta wako anasema mwanangu ni kosa."

Nilicheka. Nikakueleza kwamba kinajua "mwana wangu", ila hakijajua kuwa watu huyaunganisha. Nikasema nitarekebisha wiki ijayo. Wiki ikaja, nikasema ijayo tena. Kulikuwa na kazi ya ofisini. Kikaguzi nacho kilikuwa kikikwama mtu akifungua faili ndefu, nikaona hilo ndilo kubwa. Uliniuliza mara tatu. Kisha ukaacha kuuliza, na mimi nikashukuru kimoyomoyo kwamba umeacha. Hapo ndipo panaponiuma, Mama. Kwamba nilishukuru.

Halafu presha ikakuangusha. Siku tisa hospitalini, ukaenda.

Nilipewa kazi ya kuandika wasifu wako wa kusomwa mazishini Bungoma. Nilifungua programu yangu ya kazi kwa sababu ndiyo mikono imezoea. Nikaandika, "Mamangu alizaliwa", na mstari mwekundu ukatokea. Nikafuta, nikaandika tena. Ukatokea tena. Nilifunga kompyuta nikauandika wasifu kwa mkono, na kaka Wafula akausoma, maana mimi sauti haikutoka.

Tuliporudi Nairobi nilikaa mwezi mzima bila kukigusa. Siku niliyokigusa, nilifanya kwa pupa na macho yamejaa machozi. Nilikiambia kikubali neno lolote linaloishia na "-ngu", nikatoa toleo jipya bila kulijaribu. Siku mbili baadaye mama mmoja wa Tanga, anayetumia kikaguzi kuandika maelezo ya wakulima, aliniandikia: "Dada, siku hizi inspekta wetu amelala. Nimeandika mezangu na amenyamaza." Hata huko kumbe wanakiita inspekta. Sikujua kama nicheke au nilie.

Nilimweleza Baba. Akaenda kabatini akarudi na daftari lako la kijani. Sikuwa nimewahi kuliona. Kwenye ukurasa wa kwanza umeandika, "Ndugu na watu wa karibu tu," na chini yake orodha: mamangu, babangu, mwanangu, mwenzio, nduguye, na mengine mengi. Kisha, kando, "mezangu, nyumbangu, hapana." Kumbe muda wote nilipokuwa nikisema wiki ijayo, wewe ulikuwa umeshaifanya kazi hiyo ukaiweka, ukanisubiri.

Baba alinisomea, mimi nikachapa. Huyu Baba wa kiwandani, kule mtaa wa Baba Dogo, aliyezoea kusema Kiswahili chenu cha vitabu kinamshinda. Alisoma vizuri, polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye "mkewe" kidole kikasimama.

"Mkewe," akasema tena.

Akaondoka kwenda kupasha chai. Nilimsikia jikoni akisogeza sufuria bila sababu. Sikumfuata. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini alikaa akaendelea mpaka neno la mwisho.

Safari hii nilijaribu kila neno kabla ya kulitoa. Toleo likatoka Ijumaa. Mama wa Tanga akajibu kwamba sasa kiko sawa, akauliza nani alinisaidia. Nikamwambia. Pale panapoandikwa majina ya waliokitengeneza, la kwanza sasa ni lako, Mwalimu Rosa. La kwangu linafuata.

Daftari lina kurasa nyingi ambazo hatujazifikia. Baba ameamua tufanye ukurasa mmoja kila Jumapili, na ameshaanza kubishana nami kuhusu ngeli, kwa jeuri, kana kwamba ndiye aliyelifundisha darasa lako. Nampikia, anakula kidogo. Usiku hulala upande wake tu wa kitanda. Sitamwacha peke yake, Mama. Nimerudi kuishi naye.

Nakuahidi hatutaruka ukurasa hata mmoja, hata zile kurasa ambamo mwandiko wako umeanza kutetemeka. Pumzika sasa. Baba ameshavaa miwani, ananingoja.

Nekesa