Maombi ya Nafasi ya Kulea Vifaranga

Tarehe 2 Mei

Kwa Msimamizi wa Chumba cha Vifaranga, ambaye pia ni binti yangu wa pekee,

Salamu nyingi zikufikie. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti la mama yako, ambalo limejipa kazi ya kutabiri mvua na halijapatia hata siku moja. Natumaini nawe u mzima wa afya.

Madhumuni ya barua hii ni kuomba kazi. Nimearifiwa na dereva wa gari la mayai, ambaye hupita hapa asubuhi akija kwako na jioni akirudi, kwamba umeacha kuajiriwa, umepanga chumba chako mwenyewe cha kulelea vifaranga, na unatafuta mtu wa kukaa navyo. Nilikuwa tarishi kwa muda wa miaka thelathini na mmoja. Sikupoteza barua hata moja, wala sikuchelewa. Tangu nistaafu, mama yako huniita Katibu, na nikimuuliza chai iko wapi huniambia nilete maombi kwa maandishi.

Natambua kwamba mimi na wewe hatujasemezana tangu ulipoiacha ile meza ya kupiga chapa niliyokuombea ofisini. Jambo hilo silifungui hapa.

Nasubiri jibu.

Mimi,
Baba yako mzazi


Tarehe 6 Mei

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, ila pua imejaa vumbi la manyoya. Goti la Mama lipe pole yangu. Dereva aliponikabidhi bahasha yako aligoma kuondoka mpaka niifungue. Anauliza kama tunashtakiana.

Baba, mwaka juzi nilikuandikia barua tatu. Tatu! Hukujibu hata moja. Leo unaomba kazi? Nilicheka, halafu kicheko kikakatika.

Lakini mtu namhitaji, na wewe huchelewi, hilo nalijua. Basi tufanye hivi. Nakuletea vifaranga ishirini na vinne, vile vya mwisho kutoka mashine ya kuangulia mayai, vinyonge, ambavyo wanunuzi huviacha. Siku ya ishirini na moja vikiwa hai kumi na sita, kazi ni yako. Vikipungua hapo, tusilaumiane.

Binti yako


Tarehe 9 Mei, asubuhi

Kwako Binti,

Salamu. Sisi wazima, nasi twakutakia uzima.

Vifaranga vilipokewa jana saa kumi na moja jioni ndani ya boksi lenye matundu, ishirini na vinne kamili. Vilivyofika vimelala ni viwili, na leo havikuamka. Nasikitika kuripoti hivyo.

Yapo mambo ambayo sijayaelewa. Kwa nini havili? Nimeviwekea chakula, vinakitazama kama wageni waliokwisha kula walikotoka. Vitatu vimetanua miguu, mmoja kushoto mmoja kulia, kama mtu aliyekanyaga sabuni, ingawa nimevitandikia karatasi safi za ofisini, upande usioandikwa. Sita vimegandwa na kinyesi nyuma, pameziba kama bahasha iliyopigwa lakiri. Na vyote vimerundikana chini ya taa vikilia kwa sauti ya juu. Je, sauti hiyo ina maana? Nimekaa navyo tangu alfajiri, na naamini zipo sauti mbili tofauti, ila sijaweza kuzitenganisha kwa maandishi.

Baba yako


Tarehe 9 Mei, mchana

Shikamoo Baba. Poleni kwa vile viwili. Naandika wima, dereva anapiga honi.

Karatasi! Baba, zitoe zote sasa hivi. Zinateleza, ndizo zinazotanua miguu. Omba maranda kwa seremala, utandike kitambaa kikuukuu juu yake siku mbili za kwanza ili visiyadonoe. Vile vitatu vifunge mguu kwa mguu kwa utepe laini, uache nafasi ya kusimama kawaida. Siku tatu tu, halafu fungua.

Kutokula kusikutishe. Kabla ya kutoka, kifaranga huvuta kiini cha yai kikaingia tumboni, kwa hiyo amekuja na chakula chake cha njiani. Maji ndiyo hayangoji. Chovya mdomo wa kila kimoja kwenye maji ya uvuguvugu. Vilivyolegea, vitilie sukari kidogo kwenye maji. Taa ishushe. Vikirundikana, baridi. Vikikimbilia pembeni vikihema, joto. Vikisambaa vikinong'ona, hapo hapo. Na ndiyo, sauti ni mbili! Nani kakufundisha kusikiliza?

Palipoziba nyuma, lowesha kwa pamba na maji ya uvuguvugu mpaka uchafu uachie wenyewe, kausha vizuri, paka mafuta kidogo. Fanya leo. Kifaranga akiziba hapo hana siku nyingi.

Binti yako


Tarehe 10 Mei

Kwako Binti,

Salamu, na natumaini pua imezibuka. Sisi wazima.

Maelekezo yako yametekelezwa. Maranda yamepatikana. Miguu imefungwa kwa utepe mwekundu wa faili, nao umekaa vyema sana. Sita vilivyoziba vimezibuliwa, na kimoja kilishukuru papo hapo juu ya mkono wa shati langu. Taa iliposhushwa vilisambaa, na ule mnong'ono ulioutaja nimeusikia kwa masikio yangu. Nilimwita mama yako aje ausikie. Alisema, "Katibu, miaka yote hii mimi nikinong'ona husikii," akarudi jikoni.

Aidha, nimesahihisha upungufu mmoja wa barua yako. Uliandika juu ya uchafu wa nyuma peke yake. Katika ukaguzi wangu nimegundua kwamba vifaranga kumi na kimoja vilikuwa pia na kijiuzi kikavu, cheusi, chini ya tumbo, karibu kabisa na hapo nyuma. Kwa kuwa hakikulainika kwa maji, nimeving'oa vyote kumi na kimoja kwa kibano cha mama yako cha nyusi. Sasa ni visafi kabisa.

Baba yako


Tarehe 11 Mei

Baba,

Huo si uchafu. Hicho ni kitovu. Ndipo kiini kilipoingilia. Hukauka na kudondoka chenyewe, na ukiking'oa unaacha mlango wazi.

Paka dawa ya aidini sasa hivi. Vyote kumi na kimoja vitenganishe na vingine, uvitandikie maranda makavu, badilisha kila asubuhi. Tumbo likivimba likawa la samawati na kunuka, mwite daktari wa mifugo, lakini sikudanganyi, hapo mara nyingi hakuna dawa.

Jambo hili nilikuandikia mwaka juzi, barua ya pili! Kwani ulisoma nini?

Binti yako


Tarehe 23 Mei

Baba, shikamoo.

Hamjambo huko? Leo ni siku ya kumi na mbili tangu nikuandikie. Dereva anasema humpi kitu, unampungia mkono tu na kurudi ndani. Mama nikimpigia simu ananijibu, "Muulize Katibu mwenyewe, mimi si ofisi."

Sikuandika kwa hasira, niliandika kwa haraka. Vimebaki vingapi? Hata kama ni vitatu, niambie. Au hata usiniambie idadi. Andika tu.

Binti yako


Tarehe 30 Mei

Kwa Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi, baada ya kimya kisichokuwa na udhuru. Sisi tu wazima. Goti la mama yako jana lilitabiri mvua, na ikanyesha. Tangu hapo hatupumui ndani ya nyumba.

Uliniuliza nilisoma nini. Sikusoma kitu. Barua zako tatu nilizipokea, nikaandika tarehe ya kupokelewa nyuma ya kila bahasha, nikazifungia ndani ya faili bila kuzifungua. Maisha yangu yote nimebeba barua za watu bila kuzifungua, nami nilijivunia jambo hilo. Hizi zilikuwa na jina langu.

Nilizifungua tarehe 11, kibano kikiwa bado mezani. Katika ya pili uliandika hivi: "Baba, leo nimeng'oa vitovu nikidhani ni uchafu. Vimekufa tisa. Msimamizi wangu hajajua, anadhani ni baridi. Niseme au ninyamaze? Sina wa kumuuliza ila wewe. Nijibu upesi." Barua hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kuandika hapa, na kila nilipochukua kalamu nikujibu, kifaranga kingine kilivimba.

Vimekufa saba kwa mkono wangu. Nilipaka aidini, nilitenga, daktari alikuja akatikisa kichwa. Vinne kati ya vile kumi na kimoja vimepona, na sijui kwa nini hivyo na si vingine. Nimevichunguza na sijaona tofauti. Kama unajua sababu, tafadhali niandikie.

Vile vya utepe mwekundu vyote vitatu vinatembea. Kimoja hunifuata hadi mlangoni na kugonga kiatu changu kwa mdomo, kana kwamba kuna barua. Na sauti si mbili tena. Ipo ya tatu, fupi, ya kushuka, ambayo huitoa ninapozima taa ya chumba. Uliwahi kuisikia?

Mama yako alishauri tununue kifaranga kimoja sokoni, kwa kuwa, asema, kuku hana kitambulisho. Nilikataa. Nilipokataa ndipo nikajua jibu la barua yako. Naliandika sasa, likiwa limechelewa miaka miwili, mimi niliyesema sikuwahi kuchelewa: sema. Mwambie msimamizi wako kwamba ni wewe uliyeving'oa. Na ningekuwa nimeifungua siku ile, ningekuja kusimama kando yako ukisema.

Nataka kujua, si kwa kukuhoji: ulisema?

Jana ilikuwa siku ya ishirini na moja. Ulitaka kumi na sita. Vilivyo hai ni kumi na vitano.

Naomba uamuzi wako: nije, au nisije.

Baba