Konzi ya Nyongeza

Kibiti, Jumatano. Joto limekaba, mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua yenyewe haishuki. Nina hasira, ndiyo maana naandika hapa badala ya kwenda kumgongea mtu mlango.

Jana katoni zangu zilirudi kutoka Dar. Mchele wangu wa Chumbi, niliousimamia mashineni ukikobolewa, nikaupeta na kuuchambua mawe kwa macho yangu haya, ulirudi kwenye buti ya basi umemwagika kama chakula cha kuku. Pakiti zilipasuka midomo. Mwenye duka kule akanipigia, wala hakupayuka. "Dada, umezijaza kupita kiasi. Kilo ni kilo. Nakupa nafasi ya mzigo mmoja tu, huo nao ukiharibika natafuta mtu mwingine."

Nilibisha. Nikamwambia nimepima kwa mizani. Nilipokata simu nikapima pakiti mpya huku najitazama, na hapo nikauona mkono wangu. Mizani imesoma kilo, sawa. Kisha mkono ukachota konzi moja ukatia juu, kimyakimya, kama ninavyowafanyia wateja wa hapa dukani miaka yote.

Nyongeza.

Huku kwetu ukimpimia mtu ukaishia hapo, hujampimia. Mteja anaacha mfuko wazi, anasubiri konzi yake. Shangazi Somoe, aliyenilea, ndiye aliyenifundisha hivyo tangu nauza vibaba vya mchele barazani kwake. Siulaumu mkono. Hapana, naulaumu. Umeniaibisha.

Basi leo nimeamua: nyongeza hakuna, si kwenye pakiti, si dukani. Nikiendelea kuitia hapa, nitaitia na kule, najijua. Wateja wameninunia kutwa nzima. Mmoja kaniuliza kama nimefiwa. Mwingine kasema siku hizi naringa. Nimewajibu vibaya wote wawili na sijutii.

Kwenye semina ya wajasiriamali, mwezeshaji alitwambia tukubali kuumia, kwamba biashara haikui mwenyewe akistarehe. Tukampigia makofi. Mimi nilidhani maumivu anayosema ni kuamka alfajiri na kubeba magunia. Hayo nayaweza. Mbona hakusema kuna na haya ya kuitwa mchoyo na watu wako?

Alasiri akaja shangazi mwenyewe. Kilo moja. Nikapima, nikamimina kwenye mfuko wake. Akauacha wazi.

Nikatazama barabarani.

"Mkono unakuuma, mwanangu?"

"Hauumi, shangazi. Kilo ndiyo hiyo."

Nikamweleza habari za Dar, pakiti zilivyopasuka, nafasi niliyobakiziwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hao wa Dar ndio waliokulea?" Akafunga mfuko wake, akaondoka bila kuaga.

Nimekasirika. Nimemkasirikia yeye, na yule wa Dar, na mwezeshaji na shati lake lisilo na jasho. Nataka kukua. Sioni haya kulisema. Sitaki kuzeeka nikiuza mchele kwenye kibanda hiki huku nikisifiwa kwa mkono wa kutoa.

Lakini jioni nimepika wali wa nazi, nikampelekea bakuli limejaa mpaka juu. Tunakaa ua mmoja, na jikoni kwangu sina mizani. Nilitaka alione hilo. Akapokea, akasema ahsante, akaingia ndani.

Shangazi hajawahi kunirudishia chombo kitupu. Akikosa kabisa atatia ndimu mbili, au bamia, hata chumvi kidogo kwenye karatasi.

Bakuli limerudi sasa hivi, baada ya magharibi. Limeoshwa, limefutwa, halina kitu.

Kanipimia kilo kamili.

Nimelia, na ni kwa hasira, asiniambie mtu vinginevyo. Kesho nafungasha mzigo wa Dar, na konzi sitii, hata kama itabidi niufunge mkono huu kamba. Mzigo ule utafika salama. Ila biashara ikishakua, bakuli nitampelekea nani?