Chumba Anachotoka Babu

Jumapili, 7 Oktoba 2018

Leo ni miaka arobaini na minne tangu nipande meli kwetu Ha'apai, visiwa vya Tonga, nikimwambia mama nakwenda kwa miaka miwili. Mama alikufa akingali anahesabu. Mimi naendelea kuhesabu hapa Utah, kwenye milima mikavu na majirani wanaotabasamu kama watu walioamriwa.

Jana nilipewa heshima ambayo sikuitarajia tena. Waimbaji kutoka Vava'u, kaskazini mwa visiwa vyetu, wamefikia kwa Fuka, rafiki yangu wa tangu kiwanda cha uchapaji. Kava, kinywaji chetu cha mizizi kisicho pombe, ikakorogwa gerejini kwake. Wageni wa namna hiyo hupewa msichana wa kuwachotea, na msichana huyo asiwe na undugu na mwanamume yeyote aliyeketi. Fuka akaniomba mjukuu wangu, Lupe. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Aliketi nyuma ya bakuli, ua sikioni, mgongo umenyooka. Mikono mirefu ya marehemu bibi yake! Ndiyo iliyompatia udhamini wa kucheza voliboli Chuo cha Bethania, chuo cha kanisa alilohamia mama yake, binti yangu Seini. Mimi nimebaki Mwesili, katika Umethodisti wa wazazi wangu.

Wageni walipoanza kukaa nikatoka. Babu, baba, kaka, wote hutoka. Wanaume humtania mchotaji, humsifu, humchumbia kwa mzaha, na ndugu yake hapaswi kusikia. Kutoka ndiyo heshima yenyewe. Nikaenda jikoni kumenya viazi vikuu pamoja na wanawake.

"Mzee, hicho ni kiazi au unachonga mtumbwi?" mke wa Fuka akaniuliza. Wakacheka mpaka wimbo wa gerejini ukapotea.

Siku njema. Naiandika kwa sababu ni chache.

Jumanne, 9 Oktoba

Lupe amesimamishwa kwenye timu!

Mmoja wa waimbaji alituma picha mtandaoni. Nimeonyeshwa. Lupe ameshika kifuu cha kava, anacheka. Mwanamume mwenye jino la dhahabu amemwinamia. Wanaume wengine wamezunguka. Nahodha wa timu, Brynlee, aliiona, akaipeleka Ofisi ya Maadili.

"Alinipigia kwanza, Babu," Lupe akasema. "Alikuwa analia. Anasema ameniripoti kwa upendo."

"Upendo!"

"Kanuni zao ndivyo zilivyo. Ukiona usiposema, na wewe una kosa."

Akaniachia kijitabu cha kanuni. Miaka ishirini na sita nilisahihisha vitabu vya watu, najua kusoma. Ndevu hapana. Kahawa hapana. Mvulana chumbani kwa msichana hapana. Kava haikutajwa popote. Kilichoandikwa ni "mazingira yasiyofaa". Hili ni neno la mvivu. Enzi zangu ningelizungushia wino mwekundu na kumrudishia mwandishi aseme anachokusudia.

Nilimuuliza Lupe kama walau aliwaeleza.

"Niliwaeleza. Wakaniuliza, kama ni desturi ya heshima, mbona hapakuwa na mtu wa familia yako ndani?"

Hapakuwa na mtu wa familia kwa sababu ni desturi ya heshima. Nenda kamweleze hivyo mtu wa Bethania! Kwake yeye, babu alimwacha mtoto na wanaume kumi na moja, akafunga mlango nyuma yake.

Alhamisi, 11 Oktoba

Barua pepe ya Ofisi ya Maadili imemfikia Lupe. Kikao Jumatano. Anaruhusiwa shahidi mmoja wa familia "aliyeshuhudia tukio".

Fuka amekuja amevimba kwa hasira. "Nitakwenda mimi! Nitawaeleza hao!"

"Wewe si familia. Halafu wewe umo kwenye picha, bwana, mdomo umeupanua kama papa."

"Nilikuwa naimba!"

"Katika picha hakuna wimbo."

Akatukana, kwanza Kitonga kisha Kiingereza, ili asibakize mtu. Kisha akaketi na kuuliza taratibu kama namlaumu. Nikamwambia simlaumu. Ndiyo kweli. Lawama zangu zote nimezitunza. Nina mahali pa kuzipeleka.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nimekwenda kwenye mechi. Wamemkalisha Lupe mwisho wa benchi na nguo za kawaida, mbele ya watu elfu kadhaa, kama mtoto aliyekojoa kitandani na shuka likaanikwa uani.

Nyuma yangu mama mmoja akamnong'oneza mwenzake: "Ndiye yule. Nasikia walikuwa wanamlewesha."

"Masikini. Hawa visiwani kwao ni kawaida."

Nikageuka. Nikawatazama tu. Mmoja akanitolea lile tabasamu! Akanipa bisi.

Brynlee alipiga mipira mitatu mfululizo nje ya mstari. Timu ikashindwa. Nilifurahi, na nilipotafuta majuto moyoni sikuyapata. Nilimwona Lupe akimpelekea Brynlee taulo. Yeye ni mwema kuliko mimi. Hilo si gumu.

Kocha wao, Jolene, alinifuata mlangoni. Mwanamke mpole, macho hayatulii.

"Mzee, nimeongea na ofisi. Hawataki kumwangamiza. Kuna njia."

"Ipi?"

"Wewe uandike kwamba ilikuwa kosa kumwacha pale. Kwamba wazee walimshinikiza, yeye hakuwa na uwezo wa kukataa. Usaini. Jumamosi ijayo anacheza, udhamini unabaki, Aprili anahitimu."

"Nisipoandika?"

"Wanamwondoa mpaka mwaka kesho. Na mwaka kesho hana tena nafasi ya kucheza; huu ndio msimu wake wa mwisho."

"Hakushinikizwa na mtu."

"Najua," akasema. "Ni karatasi tu, mzee."

Ni karatasi tu. Kamwambie hivyo mtu aliyeishi kwa karatasi.

Jumatatu, 15 Oktoba

Seini amekuja. Hakuvua koti.

"Baba, saini."

"Keti kwanza, mwanangu."

"Sikai. Umemtoa binti yangu kama sahani ya mezani ili wazee wenzako wakusifu, sasa unaona taabu kuandika mistari miwili?"

"Wewe mwenyewe ulichota kava ukiwa na umri wake. Ndugu zako wote walitoka, mimi nikatoka."

"Na niliichukia!"

Sikujua. Miaka yote hii sikujua. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema kwa nani? Nyote mlikuwa nje."

Neno hilo limenikaa kifuani. Aliondoka bila kugusa chai ya majani ya mchungwa niliyommiminia.

Baadaye nikampigia Lupe. Nikamuuliza waziwazi: je, siku ile ulitaka? Au ulikubali kwa sababu ni mimi niliyekuomba?

Akacheka. "Babu, hukuiona sura yangu pichani? Wanaume wazima kumi na moja wakingoja mimi niseme nani anywe. Kule uwanjani natumwa tu. Ruka. Kaa. Ruka."

"Basi nifanye nini Jumatano?"

"Njoo. Vaa vizuri. Usisaini kitu kinachosema sina akili."

"Utapoteza kucheza."

Akajibu kwa sauti ndogo: "Najua, Babu. Nimelia tayari."

Jumatano, 17 Oktoba

Naandika nikiwa kwenye kiti cha korido, Jengo la Maadili, nyuma ya mashine ya maji. Seini amekaa upande wa pili. Hatuongei.

Nimevaa mkeka wangu mzuri kiunoni, uliosukwa na mama. Kwetu huendi mbele ya wakubwa bila mkeka. Ni sawa na kwenda uchi. Mkuu wa ofisi, Bwana Thayne Hatch, kijana mwenye nywele kama zilizopigwa pasi, akaniambia kwa upole: "Mzee, huo unaweza kuuacha hapo nje, uwe huru."

"Niko huru."

Tukaketi. Karatasi ilikuwa tayari mezani na jina langu limechapwa. Makosa mawili katika jina.

"Ulikuwepo wakati wa tukio?"

"Nilikuwa jikoni."

"Kwa nini ulimwacha?"

"Sikumwacha. Nilitoka."

"Kuna tofauti?"

Nikamweleza. Polepole, kwa mpangilio, kama nilivyoandaa usiku wa jana. Alisikiliza akiitikia kwa kichwa, nikadhani kuna kitu kinaingia. Kisha akasema, "Kwa hiyo unathibitisha kwamba ulijua kutasemwa maneno ambayo msichana wa familia yako hapaswi kuambiwa."

"Ambayo *mimi* sipaswi kuyasikia."

"Nashukuru." Akaandika. Sijui aliandika nini.

Kisha akamgeukia Lupe, akasukuma ile picha mbele yake. "Huyu mwenye jino la dhahabu. Alikuambia nini hapa, mpaka ukacheka hivyo? Tunahitaji maneno kamili. Na alikugusa?"

Aliuliza hivyo mimi nikiwa nimekaa pale! Hawa ndio wenye kuhifadhi haya ya mabinti.

Lupe hakumtazama. Alinitazama mimi, akasema Kitonga: "Toka, Babu."

Nikasimama.

"Mzee, tafadhali keti," Hatch akasema. "Ukitoka nitalazimika kuandika kwamba familia imekataa kushirikiana. Itamwumiza."

Nikamtazama Lupe tena. Alikuwa amenyoosha mgongo, mikono mapajani, hivyo hivyo kama nyuma ya bakuli. Nikatoka.

Seini ameinuka ghafla nilipotokea. "Umesaini?"

"Hapana."

"Umemwacha tena."

Kupitia kioo chenye ukungu tunaona vivuli tu. Kimoja kinaandika. Kimoja hakisogei. Sauti inayosikika ni ya Lupe, na imekuwa ya Lupe kwa muda mrefu sasa. Si ya kulia. Mara moja Hatch amejaribu kusema, amekatizwa.

Seini naye anasikiliza. Amevua koti. Sasa hivi amehama, amekaa kiti cha jirani yangu.

Karani wa kike amefungua mlango kidogo. Ana ile karatasi na kalamu. "Bwana Hatch anasema bado kuna nafasi. Ukirudi ndani usaini, tunamaliza leo na atacheza Jumamosi."

Nikamtazama Seini. Nilikuwa tayari kwa lolote. Safari hii hakusema nisaini. Alikuwa anautazama mkeka wa bibi yake.

"Utarudi, mzee?" karani akauliza tena. "Wanakusubiri."

Nikamwambia karani kwamba mjukuu wangu yumo humo ndani, anaongea, na ndugu hapaswi kusikia.

Hakuelewa. Bado amesimama hapo ninapoandika, ameshika kalamu.

Sitarudi.