Insha Niliyoitoa Gazetini

Mwenzangu, leo nimekwisha!

Si unajua nilichoka kufundishia insha za Kiingereza za enzi za mababu? Nikachukua mpya kutoka gazetini, haina jina la mwandishi. Mwanamke kamkimbia mumewe, ambaye ni mwalimu, kwa kuwa mume huyo alisahihisha hata orodha yake ya sokoni kwa kalamu nyekundu. NA KUMPA MAKSI!

Darasa hoi kwa kicheko. Hata Mkuu wa shule, aliyekaa nyuma kunikagua, alicheka.

Binti yake Mkuu, mwanafunzi wangu, akanyoosha mkono: "Mwalimu, hii kaandika mama."

Kaandika MAMA! Na baba mtu yuko pale pale!

Ubaoni nilishaandika swali: "Je, mwandishi atarudi nyumbani?"

Mkuu akanyoosha mkono, kalamu nyekundu vidoleni.

"Samahani, mwalimu. Jibu liko aya ya ngapi?"